Mwenye Chake Ndiye Mshirika: Serikali, Utafiti na Safari ya Muhogo wa Amani



Nimeombwa nizungumzie wajibu wa Serikali katika kukuza ubunifu, utafiti na ushirikiano na mataifa mengine. Ni mada pana, na mtu anaweza kuizungumza saa nzima bila kugusa ardhi. Kwa hiyo nimeamua kuipitisha katika zao moja tu, muhogo, kwa sababu historia yake hapa kwetu inathibitisha jambo ninalotaka kulitetea leo: ushirikiano wa kimataifa humfaa mwenye chake. Nchi yenye watafiti wake, mashamba yake ya majaribio na fungu lake la kila mwaka huitwa mezani ikashauriwa. Isiyo navyo huishia kuwa mahali pa kukusanyia sampuli.

Kilichoanza Amani

Amani ipo juu ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza. Katikati ya miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa ukidumaza mihogo, majani yakijikunja na kuwa na mabaka ya njano, na mavuno yakishuka mwaka hadi mwaka. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walijaribu aina za mihogo kutoka sehemu mbalimbali, lakini kinga waliyoipata haikutosha.

Ndipo walipougeukia ukoo wa muhogo. Waliuchavusha muhogo kwa mpira wa Ceará, mti wa jamii moja na muhogo wenye asili ya Brazili, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa ajili ya utomvu. Chotara waliopatikana walistahimili ugonjwa, ila mizizi yao haikuwa ya kula. Ikabidi chotara hao warudishiwe damu ya muhogo, kizazi cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku kila kizazi kikipandwa, kikichunguzwa, na mingi ya mimea yake ikitupwa. Kazi hiyo ikaendelezwa na D. L. Jennings hadi mwaka 1957. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mfululizo.

Kazi hiyo iliendeshwa na serikali ya kikoloni kwa malengo yake, na mkulima hakuwa na sauti ndani yake. Hilo tusilisahau. Lakini utaratibu wenyewe una funzo: mishahara ya watafiti ilikuwa na uhakika, kumbukumbu za kila mche ziliandikwa, na shamba halikufungwa kwa sababu mwaka wa fedha umekwisha.

Matunda yake yalionekana mbali. Miaka ya 1950 mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, na huko Ibadan ikachaguliwa aina iliyopewa namba 58308. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967 na baadaye kuanza kuzalisha mihogo bora, 58308 ndiyo iliyokuwa chimbuko la kinga yao dhidi ya batobato. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka Uganda, na wakulima wa maeneo mengi wakaacha kupanda muhogo kabisa. Aina zilizowarudisha shambani katika miaka ya 1990, kama TMS 30572 ambayo Waganda wanaiita Migyera, zilitoka Ibadan. Kinga iliyotafutwa Usambara ilikwenda Afrika Magharibi, ikarudi Afrika Mashariki baada ya miaka 40 ikiwa dawa ya njaa.

Namikonga na Kaleso

Nyumbani kulibaki nini? Utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na taasisi zake zikagawanywa au kusambaratika. Mpango wa mihogo wa Amani ulikuwa umekwisha zamani.

Hata hivyo, kusini mwa Tanzania wakulima waliendelea kupanda muhogo wanaouita Namikonga, na pwani ya Kenya wakulima wengine waliendelea kupanda wanaouita Kaleso. Watafiti wa kizazi chetu walipoanza kutafuta kinga dhidi ya ugonjwa mwingine, michirizi kahawia, waligundua kwamba aina hizo mbili ni miongoni mwa zinazostahimili vizuri zaidi. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja, na kwamba ndani yake mna vipande vya urithi wa mpira wa Ceará. Ni chotara wa Amani, aliyewahi kuandikwa kwa namba 46106/27.

Mliofanya kazi na wakulima mtaelewa uzito wa jambo hili. Muhogo haupandwi kwa punje; hupandwa kwa pingili. Ili Namikonga itufikie, ilibidi kila msimu mtu akate pingili, azihifadhi kivulini na azirudishe ardhini, kwa zaidi ya nusu karne. Taasisi zilipovunjika, kazi ya kutunza hazina ya taifa ilifanywa na wakulima, bila mshahara wala cheti. Tunawashukuru. Lakini huo haukuwa mpango wa mtu yeyote. Ilikuwa bahati, na bahati haiwezi kuwa sera ya nchi.

Ugonjwa usioonekana

Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Storey huyohuyo, hapo Amani, mwaka 1936. Kwa miongo mingi ulikaa ukanda wa pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kisha Kanda ya Ziwa, Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo.

Ni ugonjwa wa kuvunja moyo. Majani yanaweza kuwa ya kijani na shina likawa limenyooka. Mama mwenye shamba anangoja miezi 12, anang'oa shina lililojaa mizizi minene, anaukata mzizi wa kwanza na kukuta uozo mkavu wa kahawia umeenea katikati. Sehemu hiyo hailiki, haifai kwa makopa, na mnunuzi haitaki. Na kwa kuwa shina lilionekana zima, inawezekana tayari amekata pingili zake na kumgawia jirani. Ndiyo maana ugonjwa huu hauwezi kuachiwa jicho la mkulima peke yake. Unahitaji maabara, mbegu safi zilizothibitishwa, na ofisa ugani anayefika shambani.

Hapa ushirikiano wa kimataifa umetusaidia sana. Kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kiliratibu mradi wa nchi saba wa kutambua virusi vya mihogo, kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates na Serikali ya Uingereza. Mratibu wake, Dkt. Joseph Ndunguru, alikuwa mtafiti wa Kitanzania aliyeajiriwa na Serikali, na wenzake katika nchi nyingine walikuwa watafiti wa taasisi za serikali zao. Fedha zilitoka nje, uongozi ukawa wetu, kwa sababu walikuwapo watu wa kuongoza.

Mradi mwingine uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji. Kila nchi ilileta aina zake tano bora. Aina hizo zilisafishwa virusi katika maabara za Kenya na Uingereza, zikazalishwa kwa tishu ndani ya chupa, kisha zikagawanywa kwa nchi zote tano. Tafakarini kiingilio cha mradi huo: kila nchi ilitakiwa kuja na mihogo yake. Nchi ambayo ingekuwa imeyaacha mashamba yake ya kutunzia mbegu yakafa isingekuwa na cha kuweka mezani, hata kama ingekuwa na balozi hodari kuliko wote.

Baadaye watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, pamoja na mwenzao Laura Boykin aliyekuwa Australia, walikwenda mashambani na kifaa cha kusoma vinasaba kinachotosha kiganjani. Walikaa chini ya mti, wakasaga jani la muhogo, na baada ya saa chache mkulima akaambiwa ni kirusi gani kiko shambani mwake. Kabla ya hapo sampuli za namna hiyo zilisafirishwa ng'ambo, na majibu yangeweza kuchukua miezi.

Mradi una mwisho, ugonjwa hauna

Sasa tutazame upande wa pili. Kutoka kuchavusha maua ya muhogo hadi aina mpya kuidhinishwa na kumfikia mkulima ni kazi ya miaka minane, wakati mwingine kumi. Mradi wa mfadhili ni wa miaka mitatu au mitano. Hesabu hizo hazilingani.

Mradi unapofungwa, vijana wa mkataba huondoka na ujuzi wao. Gari huegeshwa kwa kukosa tairi. Jokofu la sampuli linaendelea kudai umeme usiku na mchana, na mkuu wa kituo anatafuta fedha hizo kwenye kasma ya matumizi mengineyo, ambayo imeletwa nusu, tena kwa kuchelewa. Shamba la kutunzia aina za mihogo linapaswa kupandwa upya kila baada ya muda mfupi. Msimu mmoja ukipita bila fedha ya vibarua, kuna aina ambazo hazitaonekana tena.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID likawa limefungwa. Miradi ya afya na kilimo katika nchi zetu ilisimama katikati ya kazi. Siwalaumu wafadhili. Fedha ni za walipa kodi wao, na wana haki ya kubadili mawazo. Kosa ni letu pale tunapoweka juu ya mabega yao kazi ambayo nchi haiwezi kuishi bila hiyo.

Na wajibu wetu tunaujua. Januari 2007 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Addis Ababa na kuhimizana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania bado haijafika huko. Tuna Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wake wa MTUSATE ulioanzishwa mwaka 1995. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutajia asilimia 2 ya pato la taifa. Tangu mwaka 2019 tuna mashindano ya MAKISATU, yanayowaibua mafundi na wanafunzi ambao vyuo vikuu visingewaona. Vyombo tunavyo. Tunachokosa ni fedha inayotoka kwa kiasi kilichoidhinishwa, kwa wakati, kila mwaka.

Brazili, nyumbani kwa muhogo, ilianzisha shirika lake la utafiti wa kilimo, Embrapa, mwaka 1973. Kwa fedha ya umma ilipeleka watafiti wake kwa wingi kusoma shahada za juu katika vyuo vya nje, wakarudi wakakuta ajira na maabara. Leo Embrapa inatafutwa na nchi nyingine zinazotaka kuwa washirika wake. Iliwekeza kwanza kwa watu wake, na heshima ikafuata.

Ninachopendekeza

Kwanza, Serikali itenge fungu lenye ulinzi kwa mambo yasiyoruhusiwa kusimama: mashamba ya kutunzia mbegu katika vituo vya TARI, maabara za msingi, na mishahara ya watafiti na mafundi sanifu wanaoziendesha. Fungu hili lisigombaniwe kwa maandiko ya miradi, wala lisikatwe katikati ya mwaka.

Pili, MTUSATE itoe sehemu ya fedha zake kwa tafiti za miaka minane hadi kumi, zikipimwa katikati. Anayezalisha mbegu, anayefuatilia samaki wa Ziwa Tanganyika au mvua za Rufiji hawezi kufanya kazi ya maana kwa fedha ya miezi 18.

Tatu, kibali cha utafiti kitumike kujadiliana. Tayari mtafiti mgeni anatakiwa awe na mwenyeji. Mwenyeji huyo awe mtafiti mwenza tangu andiko linapoandikwa. Nakala ya takwimu na ya sampuli zibaki nchini. Na kila mashine inayoingia iwe na mpango wa matengenezo baada ya mradi. Picha za majani zilizopigwa Bagamoyo zimefundisha programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mihogo. Ni jambo jema. Na watakaofundisha programu ijayo wawe pia vijana wa hapa, kwa takwimu wanazozimiliki.

Nne, tufadhili sisi kwa sisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kamisheni yake ya sayansi na teknolojia, yenye makao Kigali. Tuipe mfuko wa pamoja kwa magonjwa ya mimea, mifugo na watu yanayovuka mipaka. Jirani anaponusurika, nasi tunanusurika. Migyera ni ushahidi.

Tano, tufuate ugunduzi hadi mwisho wa njia. Aina bora ya muhogo ni kazi bure kama Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu haina watu wa kukagua mashamba ya pingili vijijini. Vivyo hivyo, mshindi wa MAKISATU aliyebuni mashine ya kukwangua muhogo anahitaji shirika la viwanda vidogo, SIDO, pamoja na Shirika la Viwango na mkopo. Cheti na kupigiwa makofi havitoshi.

Mabibi na mabwana, kila mwaka Bunge hukaa kupitisha bajeti. Nawaomba wabunge wetu, na ninyi mnaowachagua, muulize maswali matatu kuhusu utafiti. Mwaka jana ziliidhinishwa shilingi ngapi? Zilitoka ngapi, na mwezi gani? Na ni kazi zipi zitakazoendelea mwakani hata kama hakuna mfadhili hata mmoja atakayekuja? Orodha ya kazi hizo ndiyo kipimo cha uhuru wetu katika sayansi. Tuirefushe mwaka hadi mwaka, kwa fedha yetu wenyewe, na washirika wa kweli hawatakosa kuja.