Udongo Ndio Mwamuzi: Viuatilifu, Kiangazi na Maji ya Makutupora

Hoja yangu ni moja. Dawa ileile, kwa kipimo kilekile, huishia mahali tofauti kulingana na udongo unaoipokea. Ushauri wetu kwa mkulima hauna budi kuanzia hapo.

Ardhini, mfinyanzi na mboji huinasa dawa, bakteria na kuvu huivunjavunja. Udongo wetu mwekundu wa kichanga hapa Dodoma una mboji haba, kwa hiyo dawa inayoyeyuka majini, kama imidaklopridi, haina cha kuishika. Bakteria nao hutaka unyevu, ilhali mvua zetu karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi, jua huunguza dawa iliyo juu ya ardhi. Iliyozama kidogo husubiri masika.

Tazameni pia udongo wa mbuga. Ukiwa na unyevu, mfinyanzi wake mweusi hunasa dawa nyingi. Ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza mkono mzima. Mvua ya kwanza ikipiga kwa nguvu, maji hupenya nyufa hizo na kushuka na dawa kabla mfinyanzi haujavimba ukaziba.

Maji hayo ndiyo hofu yangu. Jiji hili hutegemea sana visima vya Makutupora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za visima hivyo, ulionyesha kwamba misimu 7 tu ya mvua kubwa ilichangia asilimia 60 ya maji yaliyoingia ardhini. Basi dawa iliyolimbikizwa na miaka ya ukame yaweza kuteremshwa kwa mkupuo na msimu mmoja wa El Niño, kama ule wa 1997/98.

Kwamba sumu hudumu, shamba la Vikuge mkoani Pwani ni ushahidi. Mwaka 1986 shamba hilo lilipokea msaada wa tani 170 hivi za viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vimekwisha muda. Banda la kuhifadhia likaporomoka. Hata baada ya masalia yaliyoonekana kuondolewa, watafiti walikuta DDT hadi asilimia 28 katika udongo wa juu, mabaki yake hadi kina cha sentimita 50, na sumu katika maji ya kisima. DDT ni miongoni mwa dawa zinazong'ang'ania udongo kuliko nyingi. Nayo ilifika majini.

Naiomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipime dawa katika udongo wa kanda hii, kiangazi na masika, na vyuo vyetu vitoe maabara na wataalamu. Nanyi wakulima, msipulize mvua ikiwa imetanda, wala msioshee mabomba korongoni. Maji ya Makutupora yakishachafuka, kuyasafisha kutakuwa kazi ya vizazi. Kuyalinda ni kazi yetu sasa.