Nani Mwenye Msiba? Kifo cha Asiye na Makazi katika Mitaa ya Mlandege



Akifa mwenye nyumba hapa Mlandege, mjini Iringa, hakuna anayeuliza la kufanya. Turubai linasimama, daftari la rambirambi linapita, kina mama wanafika na sufuria zao, na makaburini unasomwa wasifu wa marehemu. Akifa kijana aliyekuwa akilala kwenye baraza la duka, swali la kwanza ni hili: huyu ni wa nani? Jibu likikosekana, mwili unakwenda mochwari kusubiri ndugu, na wasipotokea Manispaa inazika. Sisi tuliombebesha mizigo jana yake tunaendelea na biashara. Siilaumu Manispaa, yenyewe angalau inachimba kaburi.

Ninachosema ni kwamba msiba tumeuachia ukoo peke yake, na haki ya marehemu ikaenda pamoja nao. Ndugu ndio wanaotaka kuuona mwili, ndio wanaowauliza polisi, ndio wanaofuatilia cheti cha kifo kwa wakala wa usajili, RITA. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 haibagui: kifo cha ghafla kisichojulikana chanzo, au kilichotokana na ukatili, kinapaswa kuchunguzwa. Ila sheria hiyo haiamki bila mtu wa kuigongea mlango. Kwa asiye na ndugu, maneno "amekufa na baridi" yanatosha, na Iringa ya Juni na Julai nani atayabishia? Huenda ni baridi kweli. Huenda pia ni kifua kikuu kisichotibiwa, au kipigo cha watu waliopiga kelele za mwizi.

Mji wetu una mfano wake wa zamani. Waingereza waliuteka mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na makaburi ya vita yapo mpaka leo, mawe yake yana majina na yanatunzwa vizuri. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi na chakula cha jeshi la Waingereza walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana jiwe popote. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wenye madaraka wa wakati ule hawakuona sababu ya kuwapa Waafrika wengi makaburi yenye majina. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuomba radhi. Aliyebeba mzigo hakuandikwa tangu akiwa hai. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Lakini haki ya marehemu wa mtaani hudaiwa palipo na wa kuidai. Huko Guatemala, mwaka 1990, polisi waliwaua vijana watano wa mtaani. Wazazi wao hawakunyamaza. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliitia hatiani serikali mwaka 1999, na mwaka 2001 ikaamuru shule ipewe jina la kuwakumbuka, na mabaki ya mmoja wao yahamishiwe mahali ambapo familia itachagua. Kwetu, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni Desemba 4, 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mtu anayekamatwa kwa kukosa pa kulala hawezi kumkimbilia askari anapopigwa usiku.

Kwa hiyo naomba kila mtaa uwaandike wanaolala barazani: jina wanaloitwa, walikotoka, dini, na simu ya ndugu kama ipo. Dini tusiidharau, maana ndiyo inayowakwamisha mashehe na wachungaji siku ya kuzika. Daftari hilo likae kwa ofisa ustawi wa jamii, kamwe lisifike kwa mgambo; likitumika mara moja kuwafukuza, hakuna atakayesema jina lake tena. Mmoja wao akifa, mwenyekiti wa mtaa ndiye awe ndugu: aende polisi, aulize chanzo cha kifo, adai maandishi.

Na wasifu usomwe, tena na wenzake wa barazani. Wao wanajua alitoka wapi, aliumwa tangu lini, nani alimpa chai na nani alimpiga. Ofisi ya mtaa iwe na mtu wa kuyaandika maneno yao, kwa sababu baadhi yake ni ushahidi.