Anzia Hapa: Kupendekezana Vitabu vya Hadithi Fupi Mwisho wa Reli



Nimekuja na kitabu kimoja mkononi. Nakiinua mkione hata mliokaa nyuma. Jalada lake lilishang'oka, likashonwa upya kwa uzi wa nyavu na mtu aliyezoea nyavu kuliko vitabu, maana fundo lake halifunguki. Karatasi zina harufu ya dagaa. Ni *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, mkusanyiko uliohaririwa na Said Ahmed Mohamed na Alifa Chokocho, ukatoka mwaka 2016. Nilimwazima mtu mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, kikarudi kwangu baada ya miezi minane, kimepita mikono nisiyoijua. Ndani ya jalada kuna maandishi ya kalamu mbalimbali. Mmoja kaandika: "Anzia Masharti." Mwingine chini yake: "Mimi nasema Mwalimu Mstaafu." Wa tatu, kwa penseli: "Ya kwanza, ila usisome na njaa."

Mimi nimefundisha fasihi miaka mingi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikipendekeza vitabu vya hadithi fupi vibaya. Nilikuwa nasema, "Kasome *Tumbo Lisiloshiba*, ni kizuri," kama ninavyosema kuhusu riwaya. Mwanafunzi anakichukua, anaanza ukurasa wa kwanza kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha, anafika hadithi ya pili au ya tatu isiyomgusa, anakifunga. Kitabu kina hadithi 13. Kumi hakuzifikia. Wale watu watatu wa ndani ya jalada walijua jambo ambalo mimi mwenye shahada sikulijua: mkusanyiko haupendekezwi mzima mzima. Unampendekezea mtu hadithi moja, unamwonyesha pa kuingilia, zilizobaki atazitafuta mwenyewe.

Riwaya ina mlango mmoja. Mkusanyiko ni kama nyumba zetu za zamani za Ujiji, zenye mlango wa mbele, wa uani na wa kwa jirani, na mwenyeji ndiye anayejua mgeni gani apitishwe wapi. Anayesema "kasome" halafu akaondoka, amemwacha mgeni barazani.

Kwa nini nalisema hili Kigoma, mwisho wa reli? Kwa sababu hapa watu wanao muda wa hadithi fupi, na muda huo una ratiba yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi anawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawasubiri. Mwezi ukikua, mwanga wa taa unamezwa na mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inakaa mchangani. Kila mwezi zipo siku kadhaa ambazo mwanamume mzima wa Katonga au Kibirizi hana kazi usiku. Anashona nyavu, anacheza bao, anazungumza. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, siku hizo zikawa miezi mitatu. Riwaya ya kurasa mia tatu ni kazi kubwa kwa mtu ambaye wiki ijayo anarudi majini. Hadithi ya kurasa kumi inasomwa jioni moja, na kesho yake ikajadiliwa kwenye kahawa.

Sasa niwape mapendekezo yangu, kila moja na mtu wake.

Kwa wachuuzi wa samaki, anzieni "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho. Mhusika wake, Dadi, anauza samaki kwa baiskeli. Ana mke, Kidawa, aliyekubali kuolewa kwa masharti yake mwenyewe: idadi ya watoto, kazi za nyumbani, na yeye kufanya kazi. Dadi alikubali yote kwa mapenzi. Kukubali kwa mdomo ni rahisi. Kuishi na ulichokubali, huku watu wanakucheka kijiweni, ni jambo jingine, na ndipo wivu unapoingia. Niliisoma hadithi hii kwa sauti kwenye kibanda kimoja Kibirizi, mchana, dagaa wameanikwa pembeni, wanawake wawili wakiwageuza. Nilipofika mahali Dadi anaanza kumshuku mkewe, mchuuzi mmoja, mtu wa makamo, aliinuka akasema, "Mwalimu, mwandishi huyu amekaa kwangu?" Mmoja wa wale mama, bila kuacha kugeuza dagaa, akajibu kabla yangu: "Amekaa kwa mkeo." Wakabishana hadi jua likapinda. Walibishana kuhusu mkataba: je, sharti lililokubaliwa kabla ya ndoa linaweza kulalamikiwa baadaye? Wanasheria wangefurahi kuwasikiliza. Hakuna aliyeuliza maudhui ni nini, dhamira ni ipi, wala mwandishi ametumia mbinu gani. Mwisho wa hadithi siusemi, na ninawaomba nanyi msiuseme mnapopendekeza. Riwaya ukiujua mwisho wake bado ina mengi ya kukulipa. Hadithi fupi nyingi zimefunga mzigo wao wote katika kurasa mbili za mwisho, na ukizisema umekula chakula cha mwenzako.

Kwa wenye viwanja karibu na barabara mpya, na kwa yeyote aliyewahi kuona alama ya X nyekundu kwenye ukuta wake, anzieni hadithi yenyewe ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed. Mahali panaitwa Madongoporomoka, mtaa wa maskini ambao jiji linautaka. Mzee Mago ana mkahawa hapo, ndiye msemaji wa wanyonge wenzake. Siku moja linaingia jitu la mtu, linaagiza chakula, linakula, linaagiza tena, mpaka mkahawa mzima unakwisha. Sasa mnaelewa kwa nini yule wa penseli alionya juu ya njaa. Mwandishi angeweza kutuandikia makala juu ya unyang'anyi wa ardhi, na tungeikubali na kuisahau. Ametuwekea mtu anayekula, sahani baada ya sahani, na tumbo la msomaji ndilo linaloelewa kwanza.

Kwa walimu waliostaafu, na ninawaona wengi humu, ipo "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda. Mwalimu Mosi anafanyiwa sherehe ya kuagwa, wanafunzi wake waliofaulu wamejaa, halafu anasimama aliyefeli, Jairo, kuzungumza. Mwalimu yeyote ataisoma na moyo juu. Na kwa familia zenye ndugu waliokwenda mbali kutafuta maisha, ambazo Kigoma hazihesabiki, someni "Nizikeni Papa Hapa" ya Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020. Inauliza kijana aliyeumwa na kufa ugenini azikwe wapi, na nani mwenye haki ya kuamua.

Mtauliza kwa nini mifano yangu mingi inatoka katika kitabu kilichochapishwa Kenya. Swali zuri, na jibu lake linaniuma. Mwanafunzi wa Kenya anayeelekea mtihani wa kidato cha nne amekuwa akisoma mkusanyiko wa hadithi fupi kama kitabu teule: *Damu Nyeusi*, kisha *Tumbo Lisiloshiba*, kisha *Mapambazuko ya Machweo*. Wa kwetu kwa miaka mingi amejibu maswali ya riwaya, tamthiliya na ushairi: *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie*, *Malenga Wapya*, *Wasakatonge*. Ni vitabu vizuri, sivipingi. Lakini kitabu kikiwa kwenye orodha ya shule kinachapwa tena na tena, kinafika hadi Kasulu na Kibondo. Kisipokuwamo, mwandishi anabaki na maboksi sebuleni. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, jambo la heri ambalo nchi yetu ilikuwa inalihitaji, ilianza kwa kupokea riwaya na ushairi. Nawaomba wenye mamlaka walitazame hili. Mtunzi kijana wa Tanzania anajifunza mapema kwamba hadithi fupi haina mahali pa kwenda, kwa hiyo anairefusha hadi iwe riwaya dhaifu.

Wapo pia wanaosema hadithi fupi ni mazoezi, na riwaya ndiyo kazi. Chekhov, daktari wa Kirusi aliyefariki 1904, aliandika mamia ya hadithi fupi, na waandishi wa dunia nzima bado wanajifunza kwake. Alice Munro wa Canada alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2013 kwa hadithi fupi. Nyumbani, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe tunamkumbuka kwa *Rosa Mistika*, ilhali hadithi yake "Mayai Waziri wa Maradhi" ilitoka gazetini, katika *Mzalendo*, mwaka 1978, ikasomwa na watu waliofungiwa maandazi kwa gazeti lilelile. Jina peke yake linatosha kukusimamisha: hakumwita Waziri wa Afya. Mwaka 2004 hadithi hiyo ikaupa jina mkusanyiko uliotoka Nairobi. Mkiupata, anzieni hapo. Kwa Said Ahmed Mohamed mwenyewe, anayetaka zaidi atafute *Si Shetani Si Wazimu* ya mwaka 1985 na *Arusi ya Buldoza*. Mwandishi huyu hatakiwi kusomwa haraka. Hadithi moja, kisha pumzika siku mbili.

Wasomaji wa Kiingereza nina mapendekezo matatu kwao. *Uhuru Street* ya M. G. Vassanji, 1991, ni kwa aliyewahi kukaa Dar es Salaam na kununua kitu kwenye duka la Mhindi bila kujiuliza nyuma ya kaunta kunaishiwaje. *Tropical Fish* ya Doreen Baingana wa Uganda, 2005, ina hadithi zinazohusiana, za dada watatu wa Entebbe. Muanze na ile yenye jina la kitabu, ambamo Mwingereza mmoja anafanya biashara ya kusafirisha nje samaki wa mapambo. Sisi ambao samaki wetu wadogo wa rangi wamepakiwa hai kwenye mifuko ya maji wakapelekwa kupamba sebule za Ulaya, tutaisoma kwa jicho ambalo msomaji wa London hana. Pendekezo la tatu ni hadithi moja tu, "Weight of Whispers" ya Yvonne Owuor wa Kenya, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2003: mtu wa ukoo mkubwa wa Rwanda anajikuta mkimbizi Nairobi, akisubiri karatasi. Mkoa wenye kambi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, hauhitaji kuelezwa kusubiri karatasi ni nini. Na safari ya upande wa pili nayo imeanza: mwaka 2023 huko Marekani ulitoka mkusanyiko uitwao *No Edges*, hadithi za waandishi wa Kiswahili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Wageni wanazisoma hadithi zetu kwa lugha yao, na sisi tusizisome kwa lugha yetu?

Nirudi Ujiji. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, kutoka vinywani mwa watu. Miaka hiyohiyo msafara baada ya msafara ulikuwa unaingia hapa, na hadithi kama ile ya Sultani Darai na paa wake, iliyomo humo, zilitembea na wapagazi na kulala nao njiani. Kwa hiyo kupeana hadithi fupi, mtu kwa mtu, ni kazi ya kale ya mji huu. Novemba 1871 Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mwembe, aliyetangulia kukimbia kumlaki mgeni alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Dunia nzima inaijua hadithi ile kwa kauli ya Stanley. Natamani niisome kwa kurasa kumi za Kiswahili, kwa macho ya Susi, mtu ambaye baadaye yeye na Chuma na wenzao waliubeba mwili wa bwana wao kutoka bara hadi Bagamoyo. Natamani niisome ya fundi aliyeunganisha vipande vya meli ya *Liemba* hapa Kigoma kabla haijashushwa majini mwaka 1915, na ya yule aliyeiona ikiibuliwa mwaka 1924 kutoka chini ya maji. Natamani ya mama anayegeuza dagaa na kumjibu mchuuzi bila kuinua kichwa. Kijana wa humu atakayeziandika asizirefushe.

Kitabu changu nakiacha mezani kwa Mwenyekiti wa mkutano huu. Si zawadi wala si mkopo wa maktaba, hakina tarehe ya kurudishwa. Atakayekichukua leo akae nacho, asome inayomfaa, ampe mwingine. Sharti langu ni moja: ndani ya jalada bado kuna nafasi, basi usiandike jina lako, andika jina la hadithi ambayo mwenzako aanzie.