Kitufe Kilichonitia Adabu

(Maneno ya hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ninayoifanya usiku. Mchana mimi ni mtumishi wa serikali. Nashughulikia fomu na kumbukumbu. Usiku natunga programu ya kompyuta inayofanya kazi ya sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti zake kwa umeme. Programu hiyo haina mbao wala nyaya. Anachokiona mpigaji ni picha tu kwenye kioo: vitufe vya kuzungusha, kama vile vya redio. Nitazungumzia vitufe hivyo.

Mwaka jana niliileta programu yangu hapa shuleni, katika chumba cha muziki. Nilikuwa na majivuno. Kila jambo ambalo programu iliweza kulifanya nililiwekea kitufe chake, vyote 72 mbele ya macho. Nikamketisha kijana wa Kidato cha Pili, mpiga tarumbeta wa bendi yetu, mwenye sikio zuri kunishinda mimi. Akashika kipanya, akapunguza kitufe cha chujio, kile kinachoondoa ukali wa sauti. Nusu nzima ya mzunguko ilipita, sauti haikubadilika. Akaendelea, na karibu na mwisho sauti ikafifia na kuzimika ghafla. Akaondoa mkono kana kwamba ameungua, akasema, "Samahani mzee, nimeiharibu. Mimi kompyuta siziwezi."

Ndugu zangu, maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyazoea. Nimeyasikia mara nyingi pale dirishani ofisini, kwa wazee walioshika fomu tulizozitunga sisi: "Samahani mwanangu, mimi sikusoma." Siku zote nilikubali kwamba kosa ni lao. Lakini kitufe kile nilikitengeneza kwa mikono yangu, na kosa lake nililijua.

Kosa lilikuwa hivi. Sikio la binadamu husikia mitetemo kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Mimi niliigawa sawasawa kwenye mzunguko wa kitufe, kama alama za rula. Lakini sikio halisikii kwa rula. Noti yenye mitetemo 440 ikipanda okteva moja huwa 880. Ikipanda nyingine huwa 1,760. Kila hatua ni kuzidisha kwa mbili. Noti ya juu kabisa ya piano ina mitetemo 4,186 hivi. Basi noti zote za piano nilizibana katika sehemu moja kati ya tano ya kitufe, na nusu nzima ya juu niliipa okteva moja tu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na kitufe kilikuwa kibaya.

Nikarudi nyumbani nikawatazama waliotangulia. Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970, ilipanga vitufe vyake kwa kufuata safari ya sauti: upande wa kushoto vyanzo vya sauti, kisha kichanganyio, kisha chujio, na kulia kabisa mahali pa kutokea. Mtu akiitazama tu, anajifunza. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilikuwa na uwezo mkubwa, lakini mambo yake zaidi ya 100 yalirekebishwa moja moja kupitia kidirisha cha mistari miwili. Wapigaji wengi wakatosheka na sauti ilizokuja nazo kutoka dukani. Nikaona kuna makosa mawili: kuficha yote, na kumwaga yote.

Nikapanga upya. Mbele nikabakiza vitufe 12, kwa mfuatano wa safari ya sauti. Vingine nikaviweka nyuma ya kifuniko, anayevitaka akifungue. Kitufe cha chujio nikakipima kwa okteva. Na kwa kuwa kipanya si vidole, mtu hahitaji tena kuchora duara. Anavuta juu au chini tu. Mwisho nikaongeza kitufe cha "Rudisha", ili asiwepo wa kuogopa kwamba ameharibu.

Mwezi uliopita nilimketisha kijana yule tena. Hakuniuliza kitu. Baada ya robo saa hivi alikuwa amepata sauti kama ya tarumbeta, yenye kukwaruza kidogo, ambayo mimi mtengenezaji sikujua kwamba imo.

Fomu yetu ya ofisini bado ina kurasa sita. Nimeanza kuomba ipunguzwe, na sijafanikiwa. Lakini mzee akiniambia hakusoma, siku hizi natoka nyuma ya dirisha, nakaa naye, naangalia kalamu yake inakwama wapi.

Wadogo zetu, wengi wenu mtatengeneza vitu vitakavyotumiwa na watu msiowajua. Siku mtu atakapowaomba radhi kwa kushindwa kukitumia kitu chenu, msimsamehe upesi. Kikagueni kwanza kitu chenyewe.