Mbunge na Haki ya Mpangaji: Cori Bush na Zuio la Kuwafukuza Wapangaji Marekani, 2021

Wakati wa UVIKO-19, wapangaji wa Marekani waliwekewa kinga ya kutofukuzwa katika nyumba kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria ya Bunge ya Machi 2020, iliyodumu siku 120 na kugusa tu nyumba zilizoungwa mkono na fedha za serikali kuu. Ya pili ilikuwa amri ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC), iliyoanza Septemba mwaka huohuo. Mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi kutokana na janga alitia saini tamko la kiapo, akamkabidhi mwenye nyumba, na hapo akalindwa. Kodi haikusamehewa. Deni liliendelea kupanda mwezi hadi mwezi, jambo ambalo husahaulika mara nyingi mjadala huu unapozuka.

Ili madeni hayo yalipwe, Bunge lilitenga takriban dola bilioni 46.5. Hadi mwisho wa Juni 2021 zilikuwa zimewafikia walengwa kama bilioni 3 tu. Sehemu nyingi hazikuwa na ofisi ya kazi hiyo, ikabidi zianze kuunda mfumo upya. Waombaji walidaiwa vielelezo vya mapato na mikataba ya upangaji, na baadhi ya wenye nyumba walikataa kushiriki. Amri ya CDC nayo ilikuwa ikiisha tarehe 31 Julai. Jaji Brett Kavanaugh wa Mahakama ya Juu alikwisha kuandika mwezi Juni kwamba kuirefusha zaidi kungehitaji idhini ya Bunge. Ijumaa ya 30 Julai, Baraza la Wawakilishi lilikwenda likizo bila kuirefusha.

Usiku huo Cori Bush, mwakilishi wa St. Louis, alilala nje kwenye ngazi za jengo la Bunge. Bush ni muuguzi na mchungaji, na ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuliwakilisha jimbo la Missouri bungeni. Aliwahi kufukuzwa katika nyumba za kupanga mara tatu, na kuna wakati aliishi ndani ya gari pamoja na watoto wake wawili wachanga. Miongoni mwa waliojiunga naye ni Ilhan Omar wa Minnesota, ambaye utotoni aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa, na ambaye mwaka 2019 aliwasilisha mswada wa kujenga nyumba milioni 12 za bei nafuu. Wanawake hawa hawakuhitaji kusimuliwa maana ya kukosa makazi.

Baada ya shinikizo hilo, tarehe 3 Agosti CDC ilitoa amri mpya, safari hii kwa maeneo yenye maambukizi makubwa. Tarehe 26 Agosti Mahakama ya Juu iliitengua kwa kura sita dhidi ya tatu. Ilisema sheria ya afya ya 1944, inayotaja mambo kama ufukizaji wa dawa na uuaji wa wadudu, haikuipa CDC uwezo wa kuzuia watu kufukuzwa kote nchini.

Zilipatikana wiki tatu na ushei za kinga. Kwa familia iliyokuwa ikisubiri ombi lake lipitishwe, muda huo ulikuwa na thamani kubwa, na kuubeza ni kutowatendea haki wapangaji hao. Hata hivyo, msimamo wa mbunge mmoja, hata ukitoka moyoni namna gani, haujazi pengo la kura. Mwezi Septemba Bush na Seneta Elizabeth Warren waliwasilisha mswada wa kuipa wizara ya afya mamlaka ya wazi ya kuweka zuio kama hilo. Haukupita. Mwaka 2024 Bush alishindwa katika kura za maoni za chama chake.

Masuala ya kumwondoa mpangaji yalirudi kwenye sheria za majimbo, nazo hutofautiana sana. Huko Missouri kwenyewe, sheria ya jimbo inazikataza kaunti na miji kuweka ukomo wa kodi ya nyumba za watu binafsi.