Mpiko wa Kwanza ni wa Nyumbani

Mazungumzo ya kikundi cha akina mama wa Pwani mbele ya vikundi vya kujisaidia

  

Tuliambiwa tuje tuwafundishe kupika na kuuza vitumbua. Tutawafundisha. Lakini kabla hatujaingia kwenye gari kuja hapa, tulikubaliana sisi kwa sisi kwamba tutawaeleza pia yale yaliyotuaibisha. Mapishi unaweza kuyapata kwa jirani. Makosa ya mwenzako, asipokuambia mwenyewe, utayarudia.

Kitumbua ni nini?

Wenzetu wa bara mmezoea mandazi na chapati za ngano. Kitumbua ni mkate mdogo wa duara unaopikwa kwa mchele na tui la nazi, kwenye chuma chenye vishimo. Chuma chetu kina vishimo saba. Sisi Waswahili si peke yetu wenye chuma cha namna hii. Watu wa Kusini mwa India wana paniyaram, Waholanzi wana poffertjes, Wadenmark wana æbleskiver, na wote hao wanapika kwenye vyuma vyenye vishimo. Wabelgiji nao wana waffles, ambazo hubanwa katikati ya vyuma viwili vyenye miraba. Basi kumwaga uji mzito kwenye chuma cha moto ukapata kitu kitamu, hilo ni jambo la watu wengi duniani. Sisi tuna mchele na nazi, ndivyo tulivyo navyo.

Jinsi ya kupika

Chukua mchele kilo 1. Si lazima uwe pishori wa Mwea, huo ni ghali na unafaa zaidi kwa pilau. Mchele wa kawaida unatosha, hata uliovunjika. Uchambue, uoshe mpaka maji yawe meupe, kisha uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, suuza tena.

Kuna nazi 2 kwa mbuzi, kamua tui zito. Ukitia maji kidogo kidogo utapata kama vikombe 3 au 4. Saga mchele pamoja na tui hilo kwa blenda mpaka uwe laini kabisa. Ukiupapasa kwa vidole usisikie chenga. Wasio na stima wanatwanga mchele uliolowekwa kwa kinu, wanachekecha, kisha wanakoroga unga huo na tui. Mama zetu walipika hivyo, na vilikuwa vitamu. Ila kazi ni kubwa.

Tia hamira kijiko kimoja kikubwa, sukari robo kilo, iliki iliyotwangwa na chumvi kidogo sana. Koroga. Uzito wake uwe kama uji mzito: ukiinua upawa uteremke polepole, usikatike vipande wala usitiririke kama maji. Funika kwa kitambaa safi, weka mahali penye joto muda wa saa moja hivi mpaka uumuke.

Hapa tunawaonya. Tui ni chakula kinachoharibika upesi kwenye joto. Usikoroge jioni ukaacha mpaka asubuhi ukidhani umeokoa muda. Loweka mchele jioni, lakini nazi ikamuliwe asubuhi ile ile ya kupika.

Weka chuma kwenye jiko lenye moto wa wastani. Tia mafuta kijiko kidogo katika kila kishimo. Yakishapata moto mwaga uji, usijaze mpaka juu maana utapanda. Utaona vitundu vinatokea juu na ukingo unaanza kuwa rangi ya dhahabu. Hapo kigeuze kwa kijiko au kijiti cha chuma. Kama kinang'ang'ania, usikivute kwa nguvu, kiache kidogo, kikiiva kitajiachia chenyewe. Moto mkali unaunguza nje na kuacha ndani kibichi. Moto mdogo unafanya kinywe mafuta.

Chuma kipya hakikubali siku ya kwanza. Kipake mafuta, kipashe moto, kifute, urudie mara kadhaa. Na ukishapika usikisugue kwa mchanga. Kifute tu na ukipake mafuta kidogo.

Mambo ya usalama

Mafuta ya moto si mchezo. Watoto wakae mbali na jiko, na mpini wa chuma usielekee njiani. Mtu akiungua, mmiminieni maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia, wala yai. Hayo yanaongeza madhara. Kama jeraha ni kubwa, au ni la uso au mikono, au aliyeungua ni mtoto mdogo, nendeni hospitali.

Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Ule moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Mikono ioshwe kwa sabuni, na anayeshika pesa asiwe yule anayeshika vitumbua. Mafuta yakishakuwa meusi na kunuka, yamwageni. Na mkiuza kwa umma, pitieni ofisi ya afya ya umma mpate vyeti vya afya. Ni afadhali gharama hiyo kuliko kukimbizana na wakaguzi sokoni.

Hesabu iliyotuaibisha

Haya, sasa tufike kwenye lile tuliloahidi.

Tulipoanza, tulipika kilo 1 kila asubuhi kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Kilo moja ilitupa vitumbua 45. Tuliuza shilingi 10 kimoja, tukapata 450. Tulinunua mchele kwa 130, sukari 45, hamira na iliki 30, mafuta 75. Jumla 280. Tukasema faida ni 170 kwa siku! Jamani, tulicheza siku ile. Tukaanza kupanga kununua viti vya kukodisha.

Miezi ikapita. Daftari lilisema tuna faida, lakini nyumba zetu zilisema hatuna. Mwenzetu mmoja akaanza kukosa zamu yake. Tulimsema, tukamwita mvivu, tena mbele ya watu. Halafu siku moja akasimama kwenye mkutano akasema, "Nazi za nyumbani kwangu zimekwisha. Mama mkwe ananiuliza kila siku nazi zinakwenda wapi. Makaa nanunua kwa pesa ya mboga. Nyinyi mnaandika faida, mimi ndiye ninayeilipa."

Pakawa kimya.

Tukachukua kalamu. Nazi 2 sokoni ni shilingi 80. Makaa ni 50. Hizo ni 130, na hakuna siku hata moja tuliyoziandika, kwa sababu zilitoka nyumbani kwa mtu. Ukitoa 130 kwenye ile 170 inabaki 40. Arobaini! Kwa watu wawili walioamka alfajiri. Na kulikuwa na watu waliokuwa wakichukua vitumbua kwa mkopo. Vinne tu visipolipwa, faida ya siku nzima imekwisha.

Bei tulizotaja ni za soko letu. Nyinyi andikeni za kwenu. Somo ni kwamba kitu hakiwi bure kwa sababu kimetoka shambani kwako. Nazi ina bei, kuni zina bei, maji uliyoyabeba yana bei, hata usingizi wako.

Kwanza tulimwomba yule mwenzetu msamaha, mbele ya watu vilevile kama tulivyomsema. Kisha tukabadilisha mambo manne. Anayeleta nazi au makaa analipwa siku ile ile na inaandikwa. Tunapika siku chache katika wiki, lakini kila mara tunapika kilo 3 kwa moto mmoja, kwa hiyo makaa ni ya 100 badala ya 150. Mchele tunanunua gunia na kugawana bei, kilo inatuingia kwa 110, na mafuta tunanunua kwa mtungi, tunaokoa 10 kwa kila kilo tunayopika. Hakuna mkopo, hata kwa mzee wa kanisa, atusamehe.

Tufanye hesabu pamoja. Kilo 3 kwa mtindo wa zamani zilituachia mara tatu ya 40, yaani 120. Tumeokoa 50 za makaa, 60 za mchele na 30 za mafuta, jumla 140. Sasa zinabaki 260. Si utajiri, lakini ni pesa ya kweli. Hakuna nyumba inayolia ndipo sisi tucheke.

Mtoto mlangoni

Bado kulikuwa na jambo lingine, na hili lilituchukua muda zaidi kulikubali.

Asubuhi moja tukiwa tunapika, mtoto wa nyumba ile alikuja akasimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai ya rangi. Hakuomba. Alikuwa anaangalia tu. Mama yake akamwambia, "Hivyo ni vya kuuza, kunywa chai uende shule." Mtoto akaondoka. Tuliendelea kupika, lakini mazungumzo yalikatika. Kila mmoja alijua kwamba na kwake ni hivyo hivyo. Tuliwalisha watoto wa watu wengine kwa mchele na nazi, na wa kwetu wakaenda shule na chai ya rangi.

Tukaleta jambo hilo kwenye mkutano. Mweka hazina alipinga, na tunasema kweli, hakuwa na nia mbaya. Alisema tukianza kula mali ya kikundi hatutajua mwisho. Leo mtoto, kesho jirani, keshokutwa mgeni. Alikuwa na haki, maana vikundi vingi vimekufa kwa kuonja onja. Mama mmoja mzee akamjibu kwamba hata Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, je, mtoto wa mwenye jiko?

Tulibishana mikutano miwili. Mwishowe tukakubaliana hivi: mpiko wa kwanza ni wa nyumbani. Vile vitumbua saba vya kwanza kutoka kwenye chuma ni vya nyumba iliyo na zamu, na vinaandikwa kwenye daftari kama vitumbua saba vya shilingi 70. Baada ya hapo hakuna kuonja. Ukitaka kingine, nunua. Ukitoa 70 kwenye 260, tunabaki na 190. Mweka hazina alikubali kwa sababu kimeandikwa. Alisema, "Kinacholiwa kwa daftari hakiibiwi." Maneno hayo tumeyabandika ukutani.

Namna ya kuandaa

Kitumbua ni chakula cha kufurahiwa kikiwa moto. Vipange kwenye sinia, usivirundike bado vina mvuke, vitalegea. Chai ya maziwa inafaa, hata ya rangi yenye tangawizi inafaa. Mbaazi za nazi pembeni ni raha tupu, hasa Jumapili baada ya ibada. Watoto wapewe kwanza, wazee wasisahauliwe, na aliyepika akae chini naye ale. Tumeona akina mama wengi wanapika wima, wanauza wima, wanakula makombo wima. Kaa chini, mama. Umefanya kazi.

Yule mtoto sasa anajua siku ya zamu yao. Anaamka mapema kuliko kuku. Hatuwezi kuwaambia kwamba kikundi chetu kimekuwa tajiri. Lakini yule mwenzetu tuliyemwita mvivu ndiye mwenyekiti wetu leo, na ndiye aliyetutuma tuje tuwasimulie haya yote bila kuficha kitu.

Tunawaombea baraka katika kazi za mikono yenu. 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mradi wenu, ni vitu gani vinatoka nyumbani kwa wanachama na havijaandikwa kwenye daftari? Viandikeni leo na bei yake.

2. Je, kuna mwanachama anayekosa kuja? Mmemuuliza sababu, au mmemsema tu?

3. Watoto wenu wanafaidi nini kutokana na mradi? Kama ni kidogo, mnaweza kukubaliana juu ya nini, na kitaandikwaje?