Dohani Zilizozibwa: Mada kwa Wenye Nyumba wa Kihesa

Ufafanuzi upite haraka. Meko ya kuotea moto ni pale ukutani panapowashwa kuni. Dohani, ambayo mafundi huiita chimni, hutoa moshi hadi juu ya paa. Na mji ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari hauhitaji kuelezwa kwa nini watu huota moto Juni na Julai.

Tatizo ni dohani iliyozibwa.

Huanza kwa nia njema. Mvua inaingia, ndege wanajenga kiota, fundi anapanda na kipande cha bati na kufunga juu. Baridi ikirudi, kuni zinajaza moshi sebuleni. Mwenye nyumba anaamua kuweka jiko la mkaa ndani ya meko yale yale, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa hoja kwamba mkaa hauna moshi. Hoja hiyo imezoeleka mno, na mtoa mada amechoka kuisikia. Mkaa uliokolea hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinafuata, mtu anadhani ni malaria, anajifunika blanketi na kulala mule mule.

Mada hii haimlaumu fundi yeyote. Hata hivyo, fundi aliyeziba bila kumwambia mwenye nyumba asiwashe tena chochote pale ameacha kazi nusu.

Dohani iliyo wazi nayo ina adha zake. Mabanzi mabichi ya paini, ambayo hayakosekani kwa majirani wa msitu wa Sao Hill, huacha utando mweusi kama lami. Ukishika moto, joto ndani ya dohani laweza kuzidi nyuzi 1,000.

Inapendekezwa bati litolewe, na mahali pake iwekwe kofia yenye wavu, inayozuia mvua na ndege bila kuzuia moshi. Dohani ipigwe brashi kabla ya Juni, na mapema zaidi utando ukifika milimita 3. Mdomo wake uzidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Kuni zipasuliwe na kukaushwa. Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma na kuwekwa nje. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, wala ndani ya meko yaliyozibwa. Halmashauri inashauriwa, ikiona inafaa, kukagua dohani pamoja na vyoo na misingi. Moto ukiwaka ndani ya dohani, watu watoke na Zimamoto wapigiwe 114.

Na bati litolewe, imeshasemwa, inarudiwa. Baada ya hapo karatasi ya gazeti iwashwe chini ya dohani. Moshi ukirudi chumbani, kuni zisubiri fundi apande tena.